Lushoto hadi Mtae: safari ya siku moja kwenye barabara ya wakulima

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne ni mengi mijini kwetu, na wenye nayo wengi hawajawahi kukigusa kile kijiti kidogo kilicho kando ya gia kubwa. Gari limenunuliwa kwa fedha nyingi, limetengenezwa kwa ajili ya mawe na matope, lakini miaka yake inaishia kwenye foleni kati ya nyumbani na kazini. Mwenye gari anaamini kwamba safari ya kulitumia ipasavyo inataka wiki nzima ya likizo, mahema, vibali vya hifadhi na akiba ya mwaka. Anawaza Serengeti, anawaza Ruaha, kisha anaahirisha.

Zipo safari fupi na nyepesi zisizodai hayo yote. Mojawapo ya zilizo bora nchini inatoka Lushoto mjini hadi Mtae, ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Ni takriban kilomita 60 kwenda. Wakati wa kiangazi dereva mtulivu huzimaliza kwa saa mbili na nusu hadi tatu, bila kuhesabu vituo, na anaweza kurudi Lushoto kabla giza halijaingia. Mabasi ya abiria hupita njia hiyohiyo. Wazee, watoto na mtu ambaye hajawahi kuendesha nje ya lami wote wanaiweza.

Ninaipenda safari hii kwa sababu inakuonyesha, kwa nusu siku tu, jinsi watu walivyoupanga mlima mzima ili wale na wauze: wapi msitu, wapi maji, wapi viazi, wapi ng'ombe, wapi kaburi la babu. Gari linakufikisha penye mambo hayo. Na kwa kuwa barabara ni ya watu hao kabla haijawa ya mtalii, inamdai mgeni adabu. Nitaeleza njia, nitaeleza gari, na nitaeleza adabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kwanza.

Kutoka Mombo

Safari inaanza kabla ya Lushoto. Ukiwa kwenye barabara kuu inayotoka Korogwe kwenda Same na Moshi, unakata kulia Mombo, mji wa joto na vumbi ulio chini ya ukuta wa mlima. Kutoka hapo lami inapanda kilomita 33 kando ya korongo, ikipitia Soni na maporomoko yake ya maji, hadi Lushoto iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Umeongeza karibu mita 1,000 kwa muda usiozidi saa moja. Kiyoyozi kinazimwa, madirisha yanafunguliwa, na watoto wanaanza kuulizia masweta.

Ubaridi huo ndio uliowavuta Wajerumani. Walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, Wilhelm wa Pili. Lakini mlima ulikuwa na wenyewe, na utawala wake ulishakuwa mkongwe. Katika karne ya 18, masimulizi ya Wasambaa yanasema, mwindaji Mbegha alitoka Unguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akaamua kesi, na watu wakamfanya mtawala. Kizazi chake, Wakilindi, walitawala kutoka Vuga, juu ya Soni. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, aliheshimiwa hadi pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alifunga safari kwenda kumwona mwaka 1848 na akarudi tena mwaka 1852.

Historia hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Ukipata nakala, isome kabla ya safari. Utapita chini ya vilima vinavyotajwa humo, na kila kijiji kitakuwa na uzito mwingine machoni mwako.

Fika Lushoto Ijumaa jioni, ulale. Nyumba za wageni zipo za kila kiwango. Ikiwa una saa mbili za mwanga, nenda Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, ukasimame kwenye mwamba unaotazama tambarare za Mazinde zilizo chini kabisa. Katika eneo hilo hutengenezwa jibini, jamu na mkate mweusi. Nunua vya kutosha, kesho vitakuwa chakula cha njiani.

Gari na dereva

Kwa safari hii huhitaji gari lililoinuliwa wala tairi za kutisha. Land Cruiser kuukuu, Prado, Hilux au Land Rover inatosha na kubaki. Hata RAV4 yenye tairi nzuri hupita wakati wa kiangazi. Kinachotakiwa ni nafasi ya kutosha kati ya chasisi na ardhi, breki zilizokaguliwa, spea yenye upepo, jeki inayofanya kazi, na kibao kigumu cha kuwekea jeki ili isizame kwenye udongo. Jaza tenki Lushoto. Huko mbele mafuta huuzwa kwenye vidumu na bei si ya kituoni.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, kagua mambo mawili ambayo madereva wa mjini huyapuuza. La kwanza ni upepo wa tairi. Ikiwa kawaida unajaza 35, shusha hadi 28 hivi lami inapokoma. Tairi iliyolegea kidogo inalala juu ya jiwe badala ya kuliruka, inashika zaidi kwenye kokoto, na migongo ya abiria wa nyuma itakushukuru. Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kukaza mwendo, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkali hupata joto na kupasuka.

La pili ni kujua gari lako linavyofunga magurudumu ya mbele. Magari mengi ya kazi yana hatua mbili: ya kwanza huunganisha magurudumu yote manne kwa mwendo wa kawaida, ya pili huunganisha na kupunguza mwendo ili kuongeza nguvu. Ya kwanza itumie kwenye moramu iliyolegea, penye kokoto zinazoteleza na kwenye utelezi wa asubuhi. Ya pili ni ya mteremko mkali na mlima wenye mawe, pale unapotaka gari litambae bila kukanyaga klachi wala kuchoma breki. Kwenye lami kavu fungua, isipokuwa kama gari lako limetengenezwa kuvuta kwa magurudumu yote wakati wote. Ukisahau, kona zitakukumbusha: usukani utakuwa mzito na mitambo ya chini itakuwa inashindana yenyewe kwa yenyewe.

Kushuka ndiko kunakomtisha mgeni, na dawa yake wanaijua madereva wote wa milimani: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Ukiwa juu ya mteremko, simama kabisa. Ingiza gia ya kwanza au ya pili ya nguvu, ondoa mguu kwenye klachi, na uiache injini ilishikilie gari. Mguu wa kulia ukae karibu na breki bila kuikandamiza muda wote. Kama gari ni la otomatiki, sogeza hadi kwenye gia ya chini kabisa badala ya kuacha kwenye D. Utasikia injini ikinguruma, gari likishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na usukani ukibaki mwepesi mikononi mwako. Breki zinazotumika kuanzia juu hadi chini hunuka, kisha hushindwa, na huko kushindwa kwake hutokea palepale unapozihitaji.

Msitu wa Magamba

Ukitoka Lushoto unapanda kuelekea Magamba. Lami inakomea wapi, hilo hubadilika kadiri ujenzi unavyosogea, lakini muda si mrefu utakuwa juu ya udongo mwekundu, na mkono mmoja wa barabara utakuwa msitu.

Huu ni Msitu wa Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Vilele vyake vinapita mita 2,200. Ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki, milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miinuko hii, hupanda, hupoa, na kugeuka ukungu na mvua. Msitu unayanasa maji hayo na kuyatoa taratibu kwenye vijito. Kila bomba utakaloliona vijijini, kila mfereji unaomwagilia kabichi, una asili yake kwenye kivuli hiki.

Simamisha gari penye nafasi, uzime injini, ushuke. Msitu wa mlimani hautazamwi kupitia kioo. Miti ya mkulo inasimama na gome lililovaa kuvu, ndevu za kijani zinaning'inia matawini, na hewa ina harufu ya majani yanayooza. Mbega weusi wenye mabega meupe huonekana wakiruka kati ya vilele vya miti. Kima huja karibu zaidi. Kuna ndege wa hapa ambao hawapatikani popote pengine duniani. Na kuna vinyonga. Kwenye safu hii ya Usambara wapo wenye pembe mbili puani, dume akiwa amechorwa rangi za kijani na manjano. Kinyonga anapovuka barabara hujivuta hatua moja, hutikisika kama jani, hufikiri, ndipo avute nyingine. Anachukua dakika kadhaa kufika ng'ambo. Dereva anayekwenda kilomita 20 kwa saa anamwona na kusimama. Anayekwenda 50 hatajua kwamba alikuwepo.

Ukitaka kuingia ndani kwa miguu, lipa ada na uchukue mwongozaji wa eneo hilo. Matembezi ya saa moja au mbili yanatosha kabla ya kuendelea.

Upande wa pili wa Magamba, kuelekea Shume, msitu wa asili unabadilika kuwa mistari ya misindano na miti mingine ya kupandwa. Shume kuna shamba la miti la serikali, na uvunaji wa mbao huku ulianza zamani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ilitundika waya kutoka Shume juu hadi Mkumbara chini kwenye reli, ikishusha magogo ya mwangati angani, juu ya makorongo ambayo hakuna mkokoteni ungeweza kuyapita. Miti hiyo ilikatwa kwa miaka michache. Kukua kwake kulichukua karne. Ukisimama hapa, ukatazama ukubwa wa kilichobaki Magamba, unaelewa kwa nini kilichobaki kinalindwa.

Lukozi na mzigo wa mboga

Msitu ukiachia, mlima unafunguka. Mabonde yote yamelimwa. Hapa ni Lukozi na vijiji vyake, na hapa ndipo kabichi, karoti, viazi, vitunguu na pilipili hoho nyingi za mezani kwako zinapoanzia safari. Ukija kati ya Desemba na Februari, utakuta na matunda ya baridi: plamzi, pea na fyulisi, yamepangwa kwenye ndoo na sahani kando ya barabara.

Siku ya gulio, egesha gari mbali kidogo na uingie sokoni kwa miguu. Utawaona akina mama wameshusha matenga kutoka kichwani baada ya kuyateremsha kwenye njia za miguu ambazo hakuna gari lolote linaloziweza. Utaona viazi vikijazwa kwenye magunia hadi mdomoni, kisha gunia likaongezewa kichwa cha wavu juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa, kipimo kinachomwumiza mkulima kwa sababu analipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na zaidi. Serikali imeikataza mara nyingi na bado unaweza kuikuta masokoni. Mgeni anayenunua kwa ndoo, kwa bei aliyotajiwa, bila kubishania shilingi mia mbili, anafanya jambo dogo la haki.

Baada ya Lukozi utakutana na magari ya mboga, na hapa barabara inakufundisha. Fuso limepakiwa hadi juu ya kichwa cha dereva, limefungwa kamba na kufunikwa turubai, linapanda kwa gia ya kwanza likitoa moshi. Utingo hayumo ndani. Anatembea nyuma ya gari akiwa na kigingi cha mbao mkononi, mche mzito uliochongwa upande mmoja, na macho yake hayatoki kwenye tairi la nyuma. Injini ikikohoa, gari likisita, anakitupa kigingi chini ya tairi kabla halijarudi nyuma hata kiganja kimoja. Dereva anapumzisha injini, anaingiza gia upya, anakaza, gari linaondoka, na utingo anaokota kigingi chake na kukimbia kulifuata. Kazi hiyo anairudia mlima mzima, mvua na jua.

Mbele ya gari hilo, wewe ndiye wa kupisha. Haijalishi nani anapanda na nani anashuka. Likisimama katikati ya mlima, kulianzisha tena ni gharama na ni hatari. Wewe ukisimama hupotezi kitu. Ukiliona kwa mbali, tafuta mahali pana na usubiri. Ikibidi, rudi nyuma hadi kwenye upana uliopita, na mwambie abiria mmoja ashuke akuelekeze. Jibanze upande wa mlima, kamwe usijibanze upande wa bonde, kwa maana ukingo wa nje huonekana imara na chini yake udongo umeshaliwa na maji. Kwenye kona usizoona mbele, piga honi fupi, kisha sikiliza. Bodaboda wenye abiria wawili na gunia la mbolea wanakuja.

Majani ya Guatemala

Kuanzia Lukozi kwenda mbele, itazame miteremko yenyewe. Macho ya mgeni huvutwa na mandhari mapana, lakini mambo makubwa yamo kwenye hatua tatu kutoka barabarani.

Simama kando ya shamba lolote lililo kwenye mteremko mkali. Ardhi imekatwa ngazi. Ukingo wa kila ngazi umepandwa majani marefu ya Guatemala, mapana kama ya mahindi machanga, na mizizi yake imeshona udongo usishuke. Juu ya ngazi pana kabichi au maharage. Chini ya ngazi, kwenye banda la nguzo na mabanzi, amesimama ng'ombe wa maziwa ambaye haendi malishoni. Majani ya ukingo yanakatwa na kuletwa kwake. Samadi yake inabebwa kwa ndoo na kurudishwa ngazini. Migomba imepandwa maji yanapotulia, mikaratusi na migrevilea imepandwa mipakani kwa kuni na mbao. Robo ekari inalisha nyumba nzima, na hakuna kona isiyokuwa na kazi.

Mpangilio huu una historia ya uchungu. Kabla ya uhuru, hasa miaka ya 1950, serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwa amri na faini. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na watu wakakataa. Upinzani huo wa jembe ulikuwa sehemu ya harakati zilizowaunganisha wanavijiji na siasa za kudai uhuru. Kuanzia mwaka 1981, mradi wa hifadhi ya udongo uliojulikana kwa kifupi kama SECAP ulirudi na jambo hilohilo kwa njia nyingine: majani ambayo ng'ombe anakula, miti inayotoa kuni, na ng'ombe mwenyewe. Mkulima aliyepata maziwa kutokana na ukingo wa shamba lake alikuwa na sababu ya kuutunza.

Si kila mteremko umetunzwa. Utaona pia makovu mekundu, mahali ambapo udongo ulishuka wote kwa mvua moja kubwa na kuacha mwamba. Watoto wakiuliza ni nini, waambie. Hili ni somo la jiografia wasilolipata darasani, na lipo umbali wa mkono kutoka dirisha la gari.

Njiani, watu watakusalimia. Salimia kwanza. Wazee wape shikamoo yao. Ukiweza, mwambie mtu mzima "onga mshi" kwa Kisambaa uone uso unavyofunguka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, nyumba au kaburi. Watoto wakikimbilia gari, usirushe pipi wala sarafu dirishani, kwa sababu mtoto aliyezoea kurushiwa vitu atalikimbilia na gari linalofuata, ambalo dereva wake huenda haendi polepole.

Ukingoni

Kupita Manolo na Sunga, barabara inafuata mgongo wa mlima, na hewa inaanza kuwa kavu zaidi. Mvua ya bahari imeshamwagwa upande wa nyuma. Kisha unafika Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya ukingo mwembamba, nyumba na kanisa vikiwa vimepangana kwenye mstari kwa sababu hakuna pa kutanukia. Kushoto kuna bonde, kulia kuna bonde, na mbele hakuna mlima tena.

Karibu mita 1,000 chini yako zimelala nyika za Mkomazi, zilizokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Huko wanalindwa faru weusi na mbwa mwitu, na nyika hiyo inaungana na Tsavo ya Kenya bila ukuta wowote. Milima ya Pare iko upande mmoja, vilima vya Taita upande wa pili, na siku hewa ikiwa safi kabisa Kilimanjaro huonekana mbali. Ukifika adhuhuri, mara nyingi joto la chini limeshaleta ukungu wa vumbi. Ndiyo maana nasisitiza kuondoka Lushoto alfajiri.

Kule kuona mbali hakukuwa anasa kwa watu wa hapa. Aliyekaa juu ya ukingo huu alimwona anayekuja nyikani saa nyingi kabla hajafika, na katika zama za uvamizi wa kupora mifugo hiyo ilikuwa tofauti kati ya kuwa na ng'ombe na kutokuwa nao. Mwulize mzee yeyote wa Mtae, atakuonyesha kwa kidole.

Kula hapa. Wali, maharage, mboga za majani na chai ya tangawizi vinapatikana kwenye migahawa midogo, ukiagiza mapema na kukubali kusubiri. Mkate wa Irente unaweza kungoja. Fedha inayobaki Mtae ndiyo faida pekee ambayo kijiji kinaipata kutokana na mandhari yake. Usiondoke bila kuiacha.

Anza kurudi ifikapo saa nane mchana. Barabara ni ileile, lakini mwanga unatoka upande mwingine na mabonde uliyoyapita asubuhi yakiwa na kivuli sasa yamefunguka. Mboga za kupeleka nyumbani zinunue Lukozi wakati huu, zisije zikanyauka.

Mvua inapobadilisha hesabu

Nimesema safari hii ni nyepesi, na ni kweli, kwa miezi yake. Juni hadi Septemba ni salama zaidi. Januari na Februari pia huwa nzuri. Masika, Machi hadi Mei, iache barabara. Vuli, kuanzia Oktoba, sikiliza wenyeji kabla ya kuondoka Lushoto; madereva wa basi stendi watakwambia ukweli kwa dakika mbili.

Wapo wanaosubiri masika kwa makusudi. Wanataka matope, wanataka picha ya gari lililozama hadi mlangoni, wanataka waya wa kuvutia na kelele za ushindi. Ninawasihi waache. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa ni laini. Gari zito linaloserereka na kuzungusha tairi huchimba mifereji miwili mirefu, mvua ya kesho inaigeuza mifereji hiyo kuwa mkondo wa maji, na baada ya wiki moja barabara imekatika. Wewe umesharudi mjini unaosha gari. Fuso la kabichi limekwama, mzigo unaoza, dalali anashusha bei, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali Lushoto anashushwa kwenye gari na kubebwa kwa machela hadi ng'ambo ya shimo. Greda la serikali litakuja likija.

Uwezo wa gari lako kupita kwenye matope haukupi sababu ya kupita. Nguvu ya magurudumu manne imetengenezwa ili gari lisizunguke bure, lishike, lipande polepole, lishuke polepole na liiache barabara kama lilivyoikuta. Dereva anayeelewa hivyo ataitumia nguvu hiyo kwa upole, na kwenye barabara ya wakulima upole ndio ufundi wenyewe.

Kwa hiyo weka tarehe. Tafuta mwenzako mwenye gari la pili ikiwezekana, kwa usalama na kwa kampani. Ijumaa mkalale Lushoto. Usiku ule mkisikia mvua kubwa juu ya bati, Jumamosi asubuhi msikimbilie barabarani: kunyweni chai, tembeeni hadi Irente, liacheni jua likaushe udongo, na magari ya mboga yatangulie. Kukicha kukavu, ondokeni saa kumi na mbili.